Seti ya zana za kurekebisha kimo cha nyuzi: rula na fila geji ndizo zenye thamani

Seti za zana za kurekebisha gitaa la umeme huuzwa kwa majina mengi, lakini vilivyomo ndani ya kifuko hukaribia kufanana: rula fupi ya chuma ya kupimia kimo cha nyuzi, fila geji (mabapa membamba ya chuma ya unene tofauti, ya kupimia mianya), vibao vya kupimia mviringo wa ubao wa freti (uso wa shingo wenye freti, vile vipande vya chuma ambavyo nyuzi hubanwa juu yake), alenki kadhaa (funguo za skrubu zenye tundu la pembe sita) na bisibisi. Niliyonayo ni ya aina hiyo, na nimeitumia kwenye magitaa yenye madaraja (sehemu zinazobeba nyuzi kwenye mwili wa gitaa) ya miundo tofauti. Tathmini yangu ni kwamba rula na fila geji zinatosha kuhalalisha ununuzi wa seti nzima, vibao vya mviringo vina kazi kwa baadhi ya magitaa tu, na alenki ni za kukaguliwa kwa makini kabla ya kutiwa kwenye skrubu yoyote.

Sifa kubwa ya rula hii ni kwamba sifuri yake inaanzia ukingoni kabisa mwa chuma, tofauti na rula za shuleni ambazo huacha nafasi tupu kabla ya mstari wa kwanza. Katika kazi ambayo robo milimita hutenganisha gitaa jepesi mkononi na gitaa linalokwaruza, nafasi hiyo tupu huifanya rula ya kawaida isifae hata kidogo. Rula husimamishwa juu ya freti yenyewe, si juu ya mbao, kisha jicho hushushwa hadi liwe sambamba na uzi, na kinachosomwa ni mwanya kati ya kilele cha freti na upande wa chini wa uzi. Mistari ya rula yangu imechongwa ndani ya chuma badala ya kupakwa rangi, kwa hiyo haifutiki kwa jasho la vidole. Kasoro yake ni kwamba chuma kinang'aa mno, na chini ya taa kali inambidi mtu ainamishe kichwa huku na huku ndipo mistari isomeke.

Faida ya kupima kwa namba badala ya kukisia kwa macho huonekana mara tu mtu anapofika kwenye skrubu. Tuchukue gitaa la mtindo wa Stratocaster ambalo ubao wake wa freti una mviringo wa inchi 9.5, yaani umejipinda kama sehemu ya duara lenye nusu kipenyo cha inchi 9.5. Fender, kampuni ya Stratocaster, hupendekeza kimo cha takriban milimita 1.6 kwenye freti ya 17, kwa uzi mnene na kwa uzi mwembamba pia. Ikiwa rula inaonyesha milimita 2.2 chini ya uzi wa sita, yaani ule mnene kuliko wote, basi kimo kimezidi kwa milimita 0.6, lakini kibebeo cha uzi huo pale darajani hakishushwi kwa kiasi hichohicho. Freti ya 17 iko kwenye asilimia 63 hivi ya umbali kutoka mwanzo wa shingo hadi darajani, hivyo kila milimita inayoshushwa darajani hupunguza milimita 0.63 tu pale tunapopima, na kibebeo kinahitaji kushuka karibu milimita 1. Kwenye freti ya 12, iliyo katikati ya urefu wa uzi, kinachopungua ni nusu kamili ya kile kilichoshushwa. Skrubu za M3, ambazo hutumika kwenye madaraja mengi ya vipimo vya milimita, husogea nusu milimita kwa kila mzunguko mmoja. Kwa hiyo mizunguko miwili kwa kila moja ya skrubu mbili za kibebeo hicho humaliza kazi, kisha uzi hutuniwa upya na rula kurudishwa ili kuthibitisha. Hesabu hii humwondolea mpigaji ile tabia ya kuzungusha kidogo, kusikiliza, kurudisha nyuma na kuanza tena.

Hata hivyo karatasi ya maelekezo iliyokuja na seti yangu inamtuma mnunuzi aanze darajani, na hapo sikubaliani nayo kabisa. Kimo cha nyuzi hutegemea pia mpindo wa shingo, na ukibadili mpindo baada ya kushughulikia daraja, vipimo vyote ulivyokwisha kuvipata huvurugika. Utaratibu sahihi ni kutia nyuzi za unene utakaotumika siku zote, kuzituni katika sauti utakayopigia, kupima shingo, na ndipo kuja darajani. Urefu wa uzi wa sauti, yaani upatanifu wa noti ya wazi na ile ya freti ya 12, hufuata baada ya kimo kutulia, kwa sababu kuushusha au kuupandisha uzi hubadili mkazo unaotokea unapoubana kwenye freti. Pikapu, vile vipokea sauti vyenye sumaku vilivyo chini ya nyuzi, huja mwisho kabisa, maana umbali wake hupimwa kutoka kwenye nyuzi ambazo tayari ziko mahali pake. Zikikaa karibu mno, sumaku huvuta nyuzi na kuharibu mlio hata kama kila kitu kingine kiko sawa.

Fila geji ndiyo inayofanya upimaji wa shingo uwezekane. Kapo, yaani kibanio cha kushikilia nyuzi zote, hufungwa kwenye freti ya kwanza, uzi wa sita hubanwa kwenye freti ya mwisho, nao uzi wenyewe huwa mstari mnyoofu ambao shingo hulinganishwa nao. Kisha bapa huingizwa kati ya uzi na kilele cha freti ya 8. Kwa mviringo wa inchi 9.5 hadi 12, Fender hutaja mwanya wa takriban milimita 0.25, na kwa mviringo wa zamani wa inchi 7.25, milimita 0.3. Bapa lililo sahihi hugusa uzi bila kuusogeza. Ukiliona linauinua uzi hata kidogo, hilo ni nene mno, na inapasa kuchukua lililo chini yake. Mabapa ya seti yangu yalikuja na mafuta ya kuzuia kutu, na ni vyema kuyafuta vizuri kwa kitambaa kabla hayajagusa ubao wa freti. Mwanya ukizidi, nondo ya shingo, ile ya chuma iliyo ndani yake, hukazwa kwa kuzungusha upande wa mshale wa saa. Ukipungua au shingo ikiwa imebinuka kinyume, hulegezwa. Robo mzunguko kwa wakati mmoja inatosha, kisha nyuzi zituniwe tena kabla ya kupima upya.

Fila geji hiyohiyo ina kazi nyingine ambayo karatasi ya maelekezo haikuitaja. Uzi ukibanwa kati ya freti ya 2 na ya 3, mwanya mdogo unapaswa kubaki juu ya freti ya kwanza. Mwanya mkubwa humaanisha kwamba mfereji wa uzi kwenye kile kipande cha mwanzo wa shingo haujachimbwa vya kutosha, na hiyo ndiyo sababu ya gitaa kuwa gumu kwenye kodi (noti kadhaa zinazopigwa pamoja) za karibu na kichwa hata pale ambapo kimo cha darajani hakina dosari. Seti hii huonyesha tatizo hilo lakini haina tupa za kulitatua, na mimi siihesabu hiyo kuwa kasoro: kazi ya kuchimba mifereji hairudishiki nyuma, na inamfaa fundi aliyezoea.

Vibao vya mviringo huwekwa chini ya nyuzi ili kuona kama vimo vyao vinafuata umbo la ubao wa freti. Vina manufaa makubwa kwenye daraja lenye vibebeo sita, kama lile la Stratocaster, ambapo kila uzi hupandishwa na kushushwa peke yake. Kwenye daraja la Tune-o-matic la Gibson, lenye magurudumu mawili tu ya kimo, mviringo umekwisha kuamuliwa na daraja lenyewe, hivyo vibao hubaki kifukoni na rula hufanya kazi yote kwenye freti ya 12, ambapo Gibson huelekeza takriban milimita 2 upande wa uzi mnene na 1.2 upande wa uzi mwembamba.

Sehemu iliyonisikitisha ni alenki. Chuma chake ni laini, na ncha ya ile ndogo zaidi ilianza kupoteza kona zake mapema. Zaidi ya hapo, zote ni za milimita, ilhali magitaa mengi ya Fender yaliyotengenezwa Marekani hutumia kipimo cha inchi 0.050 kwenye skrubu za vibebeo, ambacho ni sawa na milimita 1.27. Alenki ya milimita 1.5 haiingii humo, na ile ya 1.27 ikitumiwa kwenye tundu la 1.5 huteleza na kuliondolea kona zake, na skrubu iliyokwisha kuharibiwa hivyo huondolewa kwa shida kubwa. Anayenunua seti ya namna hii aongeze alenki moja ya inchi 0.050 iliyo ngumu, pamoja na kapo kama hana. Mwenye daraja la Floyd Rose ajue pia kwamba rula na fila geji zitamfaa sawasawa na wengine, lakini kimo chake hurekebishwa kwa nguzo mbili zinazobeba daraja lote, na nyuzi zilegezwe kwanza ili makali ya daraja yasisagike dhidi ya nguzo hizo.