Casio fx-991ES PLUS na namba 4,294,967,297: yale mabano yanamaanisha nini?

Haya watazamaji, karibuni. Kikokotoo kilicho mezani leo ni Casio fx-991ES PLUS, na tunapima kitu kimoja tu: FACT, ile kazi ya kuvunja namba kuwa vigawo tasa. Namba yetu ni 2 kwa kipeo cha 32, jumlisha 1. Vikokotoo vya dukani vya tarakimu 8 haviwezi hata kuionyesha.

Tazameni vidole. 2, kitufe cha kipeo, 32, halafu mshale wa kulia. Mshale huo ndio wengi wanausahau. Ukiuruka, ile +1 inabaki juu kwenye kipeo, inakuwa 33, na skrini inakupa 8589934592. Haya, mshale, +1, sawasawa na: 4294967297. Tarakimu 10, ndio mwisho wa uwezo wa FACT. Sasa SHIFT, kisha kitufe cha digrii, dakika na sekunde. FACT imeandikwa juu yake.

Jibu hili hapa: 641×(6700417).

Fermat, mwanahisabati Mfaransa, alidhani namba za ukoo huu (2 kwa kipeo cha 1, 2, 4, 8, 16, 32 na kuendelea kwa kuzidisha mara mbili, jumlisha 1) zote ni tasa, maana 3, 5, 17, 257 na 65537 ni tasa kweli. Hii ya sita ndiyo iliyomwangusha. Mwanahisabati Euler aliiona 641 mwaka 1732, bila betri wala jua.

Turudi kwenye mabano, maana hapo ndipo watu wanapoteza maksi. Wanaandika kilichomo ndani kama namba tasa, basi. Hapana! FACT hujaribu vigawo tasa vya hadi tarakimu tatu. Kinachobaki kikifika 1,018,081, yaani 1009 mara 1009, kinafungiwa kwenye mabano bila hukumu. Ingiza 4104676 uone: 2²×(1026169). Na 1026169 si tasa hata kidogo, ni 1013 mara 1013.

Kwa hiyo 6700417 tunaimalizia wenyewe. Kipeuo chake cha pili ni 2588 na ushee. Kujaribu kila namba tasa hadi hapo kunachosha, lakini mwanahisabati Lucas alionyesha mwaka 1878 kwamba kigawo tasa chochote cha namba yetu, ukikigawa kwa 128, hubakiza 1. Chini ya 2588 namba tasa za aina hiyo zipo tano tu: 257, 641, 769, 1153 na 1409. Gawa kwa 257, unapata 26071.66148. Kwa 641, 10453.06864. Kwa 769, 8713.156047. Mbili zilizobaki nazo zinatoa desimali. Basi 6700417 ni tasa, sasa iandike bila wasiwasi.

Kwa hesabu za shule, chukua, kinafaa. Ila usikinunue kwa ajili ya namba inayofuata katika ukoo ule, 2 kwa kipeo cha 64, jumlisha 1. Ina tarakimu 20, skrini inaonyesha 1.844674407×10¹⁹ na zingine zimeshakatwa. Hiyo ipeleke kwenye kompyuta, kwenye Python, lugha ya kuandikia programu, inakotunzwa tarakimu kwa tarakimu.