Stendi ya kale ya nota na majarida kutoka duka la samani, Bagamoyo

Katika duka la samani za kale lililopo Mji Mkongwe wa Bagamoyo nilinunua stendi ya mtindo wa Canterbury, ambao ulianza huko Uingereza mwishoni mwa karne ya 18 kwa ajili ya kutunzia nota za muziki, na baadaye watu wakautumia kwa majarida. Viungo vyake vimekaza, na droo ya chini inateleza bila kukwama, jambo la nadra kwa mbao zilizozoea unyevu wa pwani. Hata hivyo, gurudumu moja la shaba limebadilishwa kwa la chuma, ambalo tayari lina kutu, na muuzaji hakulitaja mpaka nilipoipindua stendi yenyewe. Bei alipunguza, ingawa kwa shingo upande. Nota za A4 zinakaa vizuri. Majarida mapana hupinda.