Hazina ya msimbo kwenye wingu: ipi uchukue kwanza, ipi uiache kwa wengine

Wengi wanaotafuta pa kuweka msimbo wa programu yao huanza kwa kulinganisha bei. Kwa mtu mmoja au timu ndogo, bei haiamui mengi, maana huduma karibu zote kubwa zina kiwango cha bure kinachotosha kuanzia. Ningekushauri uulize jambo jingine: siku ukitaka kuhama, utaondoka na nini na utaacha nini?

Msimbo wenyewe hausumbui. Git, programu ya kufuatilia mabadiliko ya msimbo ambayo Linus Torvalds aliianzisha mwaka 2005 kwa ajili ya kazi ya Linux, humpa kila mwenye nakala historia nzima ya mradi, si faili za leo tu. Kwa hiyo kuupeleka msimbo kwingine ni kazi ya amri mbili tatu. Vinavyobaki nyuma ni vile visivyokaa ndani ya Git: tiketi za hitilafu, majadiliano ya ukaguzi wa msimbo, ruhusa za wanatimu, na maelekezo ya seva zinazojenga na kujaribu programu kila mabadiliko yanapopandishwa. Hivyo ndivyo unavyovilipia hasa, na ndivyo nilivyovipima katika kupanga orodha hii.

Wala kuhama si jambo la kufikirika. Google Code, huduma ya Google ya kutunza msimbo, ilitangaza kufungwa Machi 2015, na Januari 2016 ikafungwa kabisa. Bitbucket, huduma nyingine iliyozaliwa ikitumia Mercurial, mfumo unaofanana na Git, iliacha kuupokea mwaka 2020, na waliokuwa na repo (hazina za msimbo) za aina hiyo wakalazimika kuzigeuza au kuzitoa.

Ya kwanza: GitHub

Kwa watu wengi jibu ni hili, na sababu kubwa ni watu wenyewe. Msanidi mpya unayemkaribisha kwenye mradi huenda tayari ana akaunti hapo, na maktaba nyingi za programu huria (vipande vya msimbo vilivyo wazi kwa wote) unazozitegemea zinaishi hapo. Tangu Aprili 2020 kiwango cha bure kinakupa repo za faragha bila kikomo na washirika bila kikomo, pamoja na dakika 2,000 kwa mwezi za kuendesha majaribio ya repo za faragha.

Kuna jambo moja ambalo wanunuzi hulikuta wakiwa wameshahamia. Katika kiwango cha bure, kulinda tawi kuu, yaani toleo la msimbo ambalo wote wanalitegemea, ili mtu asisukume mabadiliko moja kwa moja bila kukaguliwa kunafanya kazi kwenye repo za wazi tu. Ukitaka ulinzi huo kwenye repo ya faragha, lazima ulipie, na kwa timu kiwango cha kulipia kinaanzia dola 4 kwa mtu kwa mwezi. Mimi naona ni pesa halali kabisa pale watu watatu au zaidi wanapoandika msimbo mmoja, kwa sababu kosa la kufuta historia ya tawi kuu halichagui mzoefu wala mgeni.

Jua pia kwamba faili yoyote inayozidi MB 100 itakataliwa. Na tangu Agosti 2021 nenosiri la akaunti halikubaliwi kwenye amri za Git. Andaa ufunguo wa SSH au tokeni, vitambulisho vya siri vinavyotumika badala ya nenosiri, kabla ya siku ya kwanza ya kazi.

Ya pili: GitLab

Kama timu yako haizidi watu watano na msimbo wenu ni wa faragha, ningeipandisha hii iwe ya kwanza. Ulinzi wa matawi upo hata bila kulipa, na mambo ya kujenga, kujaribu na kusambaza programu yamo ndani ya mfumo uleule. Tena unaweza kuichukua GitLab na kuiweka kwenye seva yako mwenyewe, maana toleo lake la msingi ni programu huria. Kwa mtu anayeogopa kufungiwa mlango, hiyo ni njia ya kutokea ambayo GitHub haimpi bure.

Kikomo cha watu watano kinahusu vikundi vya faragha. Dakika za bure za seva ni 400 kwa mwezi, nazo huisha upesi kama kila mabadiliko yanaendesha majaribio marefu. Kupanda ngazi nako ni kuruka juu: kiwango cha kwanza cha kulipia ni dola 29 kwa mtu kwa mwezi, na humo ndimo kuna sharti la kuidhinishwa kabla ya kuunganisha matawi. Piga hesabu ya timu unayotarajia kuwa nayo mwakani.

Usiku wa Januari 31, 2017, mhandisi wa GitLab alifuta hifadhidata ya huduma hiyo akidhani yuko kwenye seva nyingine, kisha ikagundulika kuwa taratibu zao za nakala rudufu hazikuwa zikifanya kazi. Repo za Git zilipona. Tiketi na maoni ya saa sita hivi yakapotea. Kampuni ilieleza yote hadharani, jambo lililonifanya niiamini zaidi, lakini tazama kilichopotea: ni vile vilivyo nje ya Git.

Ya tatu: Codeberg, kwa programu huria tu

Inaendeshwa na chama kisicho cha faida kilichosajiliwa Berlin, juu ya programu huria iitwayo Forgejo. Kama mradi wako una leseni huria na hutaki kutegemea kampuni kubwa, nenda hapa bila wasiwasi. Kwa msimbo wa biashara wa kufichwa, hapakufai.

Ya nne: Bitbucket

Ichukue kama ofisi yenu tayari inafanya kazi ndani ya Jira, programu ya kufuatilia tiketi na kazi za timu, kwani zote mbili ni za kampuni ya Atlassian na zinaunganishwa vizuri. Bila Jira sioni sababu. Bure ni kwa watu watano, na dakika za seva ni 50 tu kwa mwezi.

Ya tano: repo za watoa huduma za wingu

Azure Repos ni nzuri kwa waliokwisha kuzama kwenye zana za Microsoft, na watumiaji watano wa kwanza hawalipi. CodeCommit ya AWS, huduma ya wingu ya Amazon, ilifungiwa wateja wapya Julai 2024, kisha uamuzi huo ukageuzwa Novemba 2025. Huduma iliyoyumba hivyo siwezi kumshauri anayeanza leo aitegemee, labda awe na sababu nzito ya kubaki ndani ya AWS.

Ukishachagua

Fungua akaunti kwa jina la shirika, si la mfanyakazi mmoja, na wawepo wamiliki wawili ili mmoja akiondoka msifungiwe nje. Washa uthibitishaji wa hatua mbili kwa kila mtu. Weka faili ya `.gitignore`, inayoiambia Git faili zipi iziache, kabla ya kupandisha chochote, na funguo za siri zisiingie kwenye repo kamwe: ukipandisha nenosiri la hifadhidata kisha ukalifuta kesho yake, bado limo kwenye historia na yeyote mwenye nakala analiona. Dawa ni kulibadilisha nenosiri lenyewe mara moja.

Halafu weka nakala mahali pasipotumia akaunti hiyohiyo. Juni 2014 mvamizi aliingia kwenye akaunti ya AWS ya Code Spaces, kampuni iliyokuwa ikiwatunzia watu msimbo, akafuta data pamoja na nakala zake nyingi kwa sababu zilikaa pamoja. Kampuni ilifunga biashara. Amri ya `git clone --mirror`, inayonakili repo nzima, ikiendeshwa kila usiku kwenye mashine nyingine, inatosha kwa msimbo. Kwa tiketi na majadiliano, tumia kipengele cha kuhamisha data cha huduma uliyochagua, na mara moja moja jaribu kuirudisha nakala hiyo kwenye repo tupu uone kama inafunguka.