Ofisi ya ustawi wa jamii hospitalini: wanasaidia kweli, ila wahi mapema

Jamani naandika hii kwa sababu watu wengi hapa Dar wanauza mpaka vitu vya ndani ili walipe bili ya hospitali, na hawajui kama palepale hospitalini kuna ofisi ya kumsikiliza mgonjwa asiye na uwezo. Ni ofisi ya ustawi wa jamii. Ipo Muhimbili, Amana, Temeke, Mwananyamala. Hospitali niliyoenda mimi sitaitaja jina, maana nina ya kusifia na ya kulalamikia pia.

Mgonjwa ni jirani yangu Mbagala, mama mtu mzima anauza mihogo ya kukaanga, ana sukari ya siku nyingi, kidonda cha mguu kikaharibika mpaka akakatwa vidole. Mume alishafariki, mtoto wake yuko Masasi na namba yake haikuwa inapatikana, kwa hiyo majirani ndio tukawa ndugu. Dokta anatoa ruhusa, bili ni laki sita na kitu, kontroo namba ya kulipia imeshatoka, sisi tumeshafungua grupu la WhatsApp la kuchangishana na watu wanatuma elfu mbili, elfu tano. Sista wa wodini ndio akanivuta pembeni akaniambia dada, nendeni ustawi kwanza kabla hamjahangaika.

Kuifikia sasa! Ipo mwisho wa korido, mlango hauna kibao, tumeulizia mpaka kwa mlinzi. Nje kuna benchi limejaa, mmoja ni kijana wa bodaboda mguu umefungwa vyuma, mwingine binti kabeba kichanga na hakuwa na mtu yeyote wa kumsaidia.

Ila ndani ndio nilipowavulia kofia. Afisa ni dada mdogo tu, kamwambia mama shikamoo, kafunga mlango, kavuta kiti kakaa ubavuni kwake, hakukaa nyuma ya meza. Akaanza kuuliza taratibu, chumba unapanga au ni chako, kodi unalipaje, mtaji wa mihogo shilingi ngapi, ukiumwa nani anakupikia. Mama aliona aibu, akawa anajibu huku kaangalia bandeji ya mguu tu. Yule dada akamwambia "mama yangu, hapa huombi, huu ni utaratibu wa serikali, wewe niambie ukweli tu nijue nakusaidiaje." Basi mama akafunguka, akasema hata mambo ambayo sisi majirani tulikuwa hatuyajui, kwamba kuna siku alikuwa anaruka dawa ili hela itoshe unga. Afisa akaandika yote, halafu akachukua simu yake mwenyewe, kwa vocha yake, akapiga Masasi kwa watu wa kijijini mpaka yule mtoto akapatikana. Yaani mimi nilidhani kazi yao ni kusamehe hela tu, kumbe wanatafuta ndugu, wanaongea na dokta kuhusu hali ya nyumbani, wanafuatilia hata mgonjwa aliyeokotwa barabarani bila jina wala kitambulisho.

Na huu msamaha sio huruma ya mtu mmoja. Uchangiaji wa gharama hospitali za serikali ulianza 1993 na misamaha ikawekwa kwa ajili ya watakaoshindwa kulipa. Watoto chini ya miaka 5, wajawazito, wazee wa miaka 60 na kuendelea wasio na uwezo, wagonjwa wa kifua kikuu, ukoma, Ukimwi, hao wametajwa kabisa kwenye sera. Wengine wasio na uwezo ndio wanapitia mahojiano kama aliyofanyiwa mama yetu, wanaangalia hali ya mtu. Kinachobana ni kwamba mzigo wa hiyo misamaha kwa sehemu kubwa unabaki kwa hospitali yenyewe, ndio maana wanachuja sana. Sheria ya bima ya afya kwa wote ya 2023 imesema wasio na uwezo watagharamiwa, wakati ule tulikuwa tunaisubiri kwa hamu kweli.

Sisi tulisamehewa sehemu kubwa, iliyobaki tukaandikishana kulipa kidogo kidogo. Dawa ambazo hazikuwepo pale tulinunua famasi ya nje kwa hela yetu, msamaha haufiki huko.

Sasa malalamiko. Kwanza barua ya serikali ya mtaa, ile ustawi wanayoitaka ya kuthibitisha kwamba mgonjwa hana uwezo. Inabidi utoke hospitali urudi mpaka mtaani, mtendaji hayupo, ukimpata kuna mtu anakuomba hela ya karatasi, mgonjwa mwenyewe kitandani kesharuhusiwa na bili inaongezeka. Huyo mama angekuwa hana jirani, barua angeifuata nani na mguu ule? Pili afisa aliyekuwepo siku ile ni mmoja na benchi limejaa watu tangu asubuhi, hata angekuwa na moyo wa aina gani hawezi kuwamaliza. Tatu, hakuna aliyetuambia siku ya kulazwa. Tungeambiwa mapema barua ingekuwa tayari kabla hata ya oparesheni.

Kwa hiyo ukilazwa au ukimpeleka mgonjwa na unajua hela hamna, usingoje ruhusa, siku hiyohiyo mwambie sista wa wodi unataka kuonana na ustawi, na mtu mmoja aanze kufuatilia barua kwa mjumbe na mtendaji. Beba kitambulisho chochote ulichonacho, kama kaya ipo TASAF, ule mpango wa serikali wa kusaidia kaya maskini, sema. Na usidanganye, wanauliza kwa kuzunguka mpaka wanajua.

Huduma ya yule dada naipa kumi kwa kumi, ofisi kwa ujumla saba. Kingine ni muda, saa tisa na nusu wanafunga na wikiendi hatukukuta mtu, kwa hiyo aliyepewa ruhusa Ijumaa jioni anakaa mpaka Jumatatu na kitanda kinahesabiwa, hilo uongozi waliangalie kwa kweli.