Kripsi za pilipili ndimu za hapa Mtwara ni tamu, ila huyo anayepokea simu!

Jamani naandika hasira hazijaisha. Kuna hizi kripsi za viazi zinazokaangwa hapahapa mjini, kampuni siitaji, ziko maduka ya karibu na stendi na hata Mikindani zinafika, pakiti inayoonyesha ndani na kibandiko chenye namba ya simu. Mimi ni mtu wa pilipili ndimu, na nimewaonjesha watu wengi mpaka wakahamia huko.

Sasa juzikati nimenunua, nafungua tu, harufu ya mafuta ya zamani hiyo, kama mafuta yaliyokaangiwa samaki wiki nzima. Nikatia moja mdomoni, ikaniachia uchungu kooni. Natafuta tarehe ya mwisho wa matumizi, muhuri wenyewe wa wino unaofutika ukishika na mkono wenye jasho, limebaki doa la bluu. Nikapiga namba ya kwenye kibandiko, kwa heshima kabisa, kaka habari za kazi, nikamweleza. Akanijibu, "Si umeshakula lakini?"

Nikamwambia kaka nimeonja moja tu, pakiti ninayo hapa. "Sasa dada shida iko wapi, mbona wenzio wanakula hawasemi." Akakata simu!

Si umeshakula! Mtu anakwambia chakula chako kimeharibika we unamjibu hivyo? Hela yangu sikuidai, pole sikuiomba, nilitaka ajue tu. Mafuta yanaharibiwa na hewa, mwanga na joto, ndo maana viwanda vikubwa wanajaza gesi ya nitrojeni kwenye pakiti badala ya hewa na pakiti zenyewe hazipitishi mwanga, halafu nyie mnafunga kwenye nailoni inayoonyesha ndani na dukani zinaning'inizwa nje juani kutwa, kwa joto hili la pwani zitapona vipi? Najua viazi mnaagiza mbali huko Njombe na Mbeya, najua gharama, kwa hiyo bei sijawahi kulalamika. Ila tarehe isomeke na simu ipokelewe na mtu mwenye adabu, hivyo tu.

Nilitaka niandike msinunue kabisa. Lakini nitakuwa mwongo, maana zikiwa mpya hakuna za kuzifikia, ndimu unaisikia ni ndimu, pilipili inachelewa halafu inakukamata mwishoni, hata zile za Tropical Heat za Kenya ambazo nazipenda sana naziweka nyuma ya hizi. Kwa hiyo nunueni, ila chukueni zilizo ndani kivulini na mnuse kwanza mkifungua, mkiwa palepale dukani.

Au hapana. Kwa nini mimi mnunuzi ndo niwe mkaguzi wao? Msinunue kwanza. Kuna akina mama stendi wanakaanga kripsi za muhogo, muhogo wa hukuhuku, anakaanga asubuhi mchana zimeisha, hazipati hata muda wa kuharibika, na ukimwambia mama leo chumvi imezidi anakuongezea nyingine juu na pole anakupa. Mimi kwa sasa niko huko, pilipili ndimu nitazikumbuka sana lakini niko huko.

Na mwenye kampuni kama unapita hapa, pakiti sijaitupa, nimeifunga vizuri iko kabatini, njoo uinuse mwenyewe halafu uniambie kama huyo kijana wako anafaa kukaa na simu ya wateja.