Uzoefu wangu: kumtafuta babu kwenye majalada ya mirathi, Zanzibar

Kama asili yako ni Unguja au Pemba na unautafuta ukoo wako, anza na majalada ya mirathi. Sensa zisubiri. Mimi nimepitia zote mbili pale Nyaraka za Taifa, Kilimani, na kabla ya hapo nilishalipia tovuti moja ya nje ya kutafuta koo, sitaitaja. Inakudai jina la ukoo. Wazee wetu waliandikwa fulani bin fulani, basi. Utajaza nini pale?

Ripoti za sensa za zamani, kama za 1924, 1931 na 1948, zina hesabu tu: kabila gani wangapi, wilaya gani wangapi. Jina la mtu hulikuti. Na hizo hesabu za kabila nazo usizibebe kichwakichwa. Mwaka 1924 wengi walijiandika Waswahili. Kufika 1931 Waswahili wamebaki wachache mno na Washirazi wamejaa. Watu ni wale wale, ila serikali ya kikoloni ilikuwa ikimpima mtu kwa kabila lake, nao wakajipanga.

Mirathi ndiyo yenye watu. Jalada la babu mzaa bibi yangu, la Pemba, miaka ya ishirini, lina kila kitu chake: kitanda, sufuria mbili, kanzu, deni la duka kwa rupia (shilingi ilikuja 1936), na mikarafuu. Mikarafuu yake, ardhi ya mtu mwingine! Zamani mtu aliweza kumiliki miti bila kumiliki udongo ulio chini yake. Kwetu tumekua tukisikia "shamba la babu", na mjomba wangu hakufurahi nilipompelekea nakala.

Kubwa zaidi lilikuwa kwenye mgawanyo. Mke kapewa thumuni (sehemu moja ya nane), binti nusu, na kilichobaki kimekwenda kwa mtoto wa kiume wa mtu ambaye si ndugu yetu. Karani kaeleza kwa maneno mawili tu: babu alikuwa "huru wa" baba yake huyo, yaani mtumwa aliyeachwa huru naye. Amri ya kukomesha utumwa Unguja na Pemba ilitoka Aprili 1897, lakini katika sheria ya Kiislamu ya mirathi aliyeachwa huru akifa bila ndugu wa kiumeni, baki ya mirathi humwendea aliyemwacha huru au wanawe. Nyumbani jambo hili halikuwahi kutajwa, hata kwa fumbo.

Sasa tahadhari. Hati nyingi zimeandikwa kwa herufi za Kiarabu, kwa hiyo kama huzisomi, tafuta mtu wa kukusaidia, ikiwezekana mzee aliyezoea mwandiko wa makadhi. Makarani wa Kiingereza nao waliandika jina walivyolisikia: Fatuma, Fatma na Fatima anaweza kuwa mtu mmoja ndani ya jalada moja. Mipaka ya mashamba hutajwa kwa majirani, kibla (kaskazini) fulani, suheli (kusini) fulani. Nakili majina yote hayo, maana jirani naye ana jalada lake, na huko unaweza kumkuta babu yako kama shahidi au mdaiwa.

Ambaye babu yake hakuacha mti wala deni atatoka patupu. Kwa wengine, nyota nne kati ya tano. Ulizia utaratibu wa kibali kabla ya kufunga safari, na uende na penseli.