Ofisi ya viza ya uchumba hapa Kampala: dada wa mafaili nampa nyota 5, bosi wake nampa nyota 1

Wengi mmekuwa mnaniuliza kuhusu ile ofisi niliyopitia wakati natafuta K-1, ile viza ya Marekani ya mchumba, sasa naandika mara moja nipumzike. Jina siliweki, sitaki kesi na mtu, ila ni zile ofisi za mjini mnazozijua, chini maduka ya simu, juu kila mlango umebandikwa bendera ya Kanada na ya Marekani na picha ya ndege. Pakeji yao ya uchumba ilikuwa shilingi milioni 1 na nusu, nusu unatanguliza, nusu unamalizia kabla ya intavyuu. Viza nilipata alhamdulillah, mchumba wangu yuko Waltham kule Massachusetts ambako Waganda wamejaa kweli kweli, lakini nikiangalia ile pesa yangu ilifanya kazi gani, kwa bosi ilifanya kidogo sana.

Tuanze na bei, maana hapo ndipo watu wanaliwa. K-1 inaanzia kwa mwanaume mwenyewe kule (au mwanamke kama wewe ndiye bwana harusi), lazima awe raia wa Marekani, green card peke yake haitoshi, yeye ndiye anajaza fomu ya ombi, I-129F, na kusaini na kuipeleka USCIS, idara yao ya uhamiaji, ada yake dola 675 tangu Aprili 2024. Hakuna mtu wa Kampala anayekuombea hiyo kwa jina lake, hayupo. Wewe kazi yako inakuja baadaye, fomu ya viza, DS-160, unaijaza mtandaoni na kuijaza ni bure kabisa, unacholipa ni ada ya viza dola 265. Sasa kwenye karatasi ya bosi kulikuwa na mstari "fomu ya DS-160, laki 3". Nikamuuliza mzee hii laki 3 ni ya nini na fomu ni ya bure, akanijibu eti ni ya "prosesingi". Prosesingi gani, wakati majibu yote nimeandika mimi, kijana wake alikuwa anabonyeza tu.

Halafu kuna hadithi ya mtu wa ndani. Kila mteja anaambiwa kwa sauti ya chini kwamba kuna mtu wao ubalozini. Mimi nimekaa kwenye lile benchi lao muda wa kutosha, nimeona huyo mtu wa ndani anauzwa kwa mama wa viza ya matibabu, kwa kijana wa masomo, kwa kila anayeingia. Hata intavyuu yako itafanyika wapi huwa hawajui, wanabahatisha tu. Barua ya NVC, kile kituo cha viza cha Marekani kinachotuma mafaili kwenye balozi, ndiyo inakuambia, ile namba ya kesi inaanza na herufi 3 za ubalozi uliopelekewa faili, mfano NRB ni Nairobi. Soma barua yako mwenyewe.

Sasa lile somo la intavyuu la bosi. Jamani. Alitukusanya kwenye kachumba kamoja, wa utalii, wa masomo, mimi wa uchumba, wote somo moja. Sema una shamba Mukono, sema una biashara, sema utarudi Uganda, sema mama yako mgonjwa anakutegemea. Nikanyoosha mkono, nikasema samahani mzee, mimi naenda kuolewa, nikisema narudi si nitakuwa naharibu? Akasema ofisa anapenda kusikia mtu ana mizizi nyumbani. Hiyo ni ya viza ya kutembea! K-1 inakupa siku 90 uolewe na yule yule aliyekuombea, si mwingine, kisha mnaomba green card mkiwa hukohuko. Ukienda dirishani ukaanza kuapa kwamba utarudi kwenye shamba lako la Mukono, ofisa atajiuliza huyu mchumba ni wa kweli au wa kukodi.

Kuna na hili la bank statement. Alitaka kunipangia statement yenye pesa nzuri kwa laki kadhaa, na kila mtu anajua hizo karatasi zinachapishwa wapi, Nasser Road, mtaa wetu wa wachapaji, hailali. Kwanza kwenye K-1 wanachoangalia hasa si akaunti yangu mimi, ni kipato cha mchumba, anajaza I-134, fomu ya kuahidi kunitunza, na kuambatanisha kodi zake na barua ya kazi, kiwango ni asilimia 100 ya mstari wao wa umaskini, kwa watu 2 mwaka 2025 ilikuwa dola 21,150 kwa mwaka (mkishaoana, kwenye green card wanapanda hadi asilimia 125, mwanaume ajipange mapema). Pili, karatasi ya uongo ikikamatwa unaweza kupigwa marufuku kuingia Marekani maisha. Yaani unalipa laki kadhaa ununue marufuku, kwa kitu ambacho hakuna aliyekuomba.

Lakini kilichonifanya nimpe nyota 1 ni kwanjula, ile sherehe ya kimila ya Baganda ya kumtambulisha bwana harusi kwa wazee wa binti. Bosi anashauri kila binti afanye kwanjula kubwa kabla ya intavyuu, magomesi (yale magauni ya Kiganda), vikapu, ssenga (shangazi) anatafuta bwana harusi kwenye hema, MC, video ya drone, eti ofisa akiona hivyo anajua mapenzi ni ya kweli. Sikilizeni vizuri dada zangu. K-1 ni ya watu ambao HAWAJAOANA. Na sheria ya Uganda inaitambua ndoa ya kimila, na nikah vilevile ni ndoa kamili. Sasa wewe unapeleka albamu ambayo mahari imepokelewa, wazee wamekubali, umekabidhiwa, halafu unasema huyu ni mchumba tu? Ofisa ana haki ya kusema nyinyi mmeshaoana, viza ya uchumba hampati, faili linarudi Marekani na mnaanza upya kwa njia ya mke na mume, kwa fomu ya I-130. Kwenye benchi nilikaa na binti wa Masaka ambaye kwanjula yake ilishafanyika, na bosi bado anampokelea pesa za K-1. Nilimwambia dada, wewe njia yako ni CR-1, viza ya mke, kaandikisheni ndoa, utachelewa ndio lakini ukifika kule unafika na green card, si na siku 90. Sijui kama alinisikiliza.

Kwetu vita ilikuwa ya nikah. Baba mdogo wa Bombo hakutaka kusikia mambo ya uchumba wa mwaka mzima, mchumba alipokuja alisema sheikh yupo, tende zipo, tusome yaishe. Nikamwambia baba mdogo, tukisoma leo viza inakufa leo. Akanyamaza, akamwangalia shangazi, akasema "sasa huyu kijana atakunywa chai yetu mpaka lini?" Tukakubaliana aje kutambulishwa tu, chai, sambusa, wazee wakamsalimia, hakuna mahari, hakuna sheikh, picha tukapiga za kukaa sebuleni. Hizo zilitosha kabisa, pamoja na muhuri wa Entebbe kwenye pasipoti yake, maana wanachodai ni muwe mmeonana ana kwa ana ndani ya miaka 2 kabla ya kupeleka ombi.

Haya, sasa dada wa mafaili. Yuko kwenye meza ya nyuma karibu na mashine ya fotokopi, haongei sana, na ndiye pekee pale anayejua K-1. Swali lake la kwanza kwangu lilikuwa tangu ufikishe miaka 16 umewahi kuishi nchi nyingine miezi 6 au zaidi? Nikasema ndio, nilifanya kazi Nairobi, Eastleigh. Akasema basi hati ya polisi ya hapa Uganda, ile ya Interpol, haitoshi, unahitaji na good conduct, hati ya polisi ya Kenya, ingia eCitizen, tovuti ya serikali yao, uanze leo. Bosi hakuniuliza hata siku moja! Bila hiyo ningefika dirishani napewa karatasi ya 221(g), ile ya kusema faili halijakamilika, nirudi nyumbani kutafuta. Akashika cheti changu cha kuzaliwa cha NIRA, mamlaka ya usajili ya Uganda, akakilinganisha na pasipoti herufi kwa herufi, akakuta h imeruka kwenye jina la baba, akanirudisha kurekebisha. Akadai talaka ya mchumba wangu, nakala ya mahakama yenyewe, si skrinshoti. Akaniambia ile bahasha ya vipimo vya afya ikiwa imefungwa usiifungue, hata ukiwa na hamu vipi.

Na maswali yake ya mazoezi yalikuwa ya kweli. Ndoa ya kwanza ya mchumba wako iliisha lini na kwa nini. Mtoto wake anaishi na nani. Anafanya kazi zamu gani. Nani alimtongoza mwenzake. Umeongea na mama yake? Mkigombana huwa mnagombania nini? Hakunipa jibu hata moja la kukariri, nikikwama alikuwa anasema nenda kamuulize mwenyewe, na nikampigia kweli, mengine nilikuwa sijui na tulicheka sana. Tena alinichapishia kile kijitabu cha haki za mchumba mgeni, kile kinachoeleza kwamba ukifika kule mtu akikupiga una pa kwenda.

Siku ya intavyuu unaacha simu nje, alama za vidole, unanyoosha mkono wa kulia unaapa, mnaongea kwenye kioo mmesimama. Ofisa wangu aliuliza tulivyokutana, habari za yule mtoto, akauliza kwa nini hamjafunga ndoa bado wakati familia mnajuana, nikamweleza habari ya baba mdogo na chai yake, akacheka. Akaniuliza kama nimesoma kile kijitabu. Shamba la Mukono halikutajwa na mtu.

Nusu ya pili nilimlipa bosi nikiwa nimekata ile laki 3 ya fomu ya bure. Alinuna, akasema nitajuta, nikasubiri palepale mpaka akaandika risiti. Kama bado mnataka kwenda, msichukue pakeji, wana huduma ya kukaguliwa faili peke yake kwa laki 2, haipo kwenye bango lao ila ukiiuliza wanakupa. Nendeni asubuhi, mchana huyo dada huwa anatumwa benki, na mkimkosa mtaangukia mikononi mwa bosi.